Nakala Mia Tatu za Mnyamwezi

Zahanati ya Boko,
Machi 22, 1954

Kwako Bwana Jabiri bin Nassibu, Chang'ombe.

Shikamoo.

Hunijui. Naitwa Kokushubila, ni mkunga hapa Boko, kwetu Bukoba. Jina lako nililipata gazetini mwaka juzi, ulipoandika barua ndefu kukisifu kitabu cha kwanza cha Bwana Leonardi, ukawaita wajinga wote ambao hawajakisoma. Nilikuwa mmojawapo. Nilikasirika, nikakinunua, na tangu siku hiyo sijapona.

Sasa kimetoka cha pili, Mji wa Chini ya Chumvi, sehemu ya kwanza. Umeshafika pale Mwamvita anaposhuka chini ya mashamba ya chumvi na kuukuta mji ambao watu hulipia kila kitu kwa vivuli vyao? Kitabu kinaishia amesimama mlangoni, kivuli chake kimeshakatwa mpaka kiunoni, na mwenye mkasi anamwuliza kama aendelee. Basi. Nimekisoma mara nne, na mara zote nne mwenye mkasi ananiuliza mimi.

Bwana Akberali, aliyekichapa, aliniambia dukani kwake mjini kwamba nakala ni mia tatu, na karatasi alizobakiwa nazo zinatosha kitabu kimoja tu mwaka huu. Nakala hizo zikiisha kabla ya Idi, atachapa sehemu ya pili. Zisipoisha, zilizobaki atawauzia wauza karanga kwa ratili, na zile karatasi tupu atachapia kitabu cha mtu mwingine.

Hapa Boko nimeuza kumi na tisa: kwa walimu, kwa wachoma chokaa, na kwa mama mmoja asiyejua kusoma, ambaye anasema mwanawe atajua. Huko Chang'ombe kinakwendaje? Wewe watu wanakusikiliza. Tusaidie.

Wako mtiifu,
Kokushubila

*

Chang'ombe,
Machi 29, 1954

Bibi Mkunga,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha, hasa pale unapokiri ujinga. Watu wengi hufa bila kufika hapo.

Unauliza kitabu kinakwendaje. Kinakwenda kama mwandishi wake anavyotembea: magoti nje, mzigo kichwani. Usishtuke. Leonardi ni Mnyamwezi, mie Mzaramo, na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Naruhusiwa kumwambia lolote mbele ya yeyote, naye haruhusiwi kununa. Nikimkuta anakula namnyang'anya sahani. Akifa, nitashuka kaburini mwake na sitoki mpaka nipewe changu. Ndiyo ada yetu, na ina akili kuliko sheria zote alizotuletea Mwingereza.

Kila siku baada ya alasiri, nikitoka kwenye bohari ya mkonge ninakofanya ukarani, nakaa kwenye baraza ya Mzee Shomari muuza kahawa, nafungua kitabu, nasoma kwa sauti, na kila mstari naupa haki yake. Jana nilisema: "Jamani, babu yake huyu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo asidondoshe hata moja. Mjukuu kapewa hadithi moja tu, kaidondosha ukurasa wa tatu!" Watu walishika mbavu. Leonardi mwenyewe alikuwepo, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, maana ni seremala kwenye karakana iliyo nyuma yetu. Akanijibu: "Mzaramo, babu yako alikuwa kakaa njiani anauza madafu. Maisha yake yote hakubeba kitu ila tumbo." Safi kabisa!

Wanaocheka ndio wanaonunua. Utaona.

Jabiri bin Nassibu

*

Boko,
Aprili 21, 1954

Bwana Jabiri,

Shikamoo. Nilipata likizo ya Pasaka nikaja Chang'ombe bila kukuarifu. Nilikaa kwenye baraza ya Mzee Shomari, karibu na wanawake wawili wauza vitumbua. Nimekusikia ukisoma.

Unasoma vizuri. Nakwambia kwa sababu ni kweli. Uliposoma pale Mwamvita anapouona mji kwa mara ya kwanza, watu walinyamaza mpaka nikasikia kahawa inachemka. Kisha ukamtupia Bwana Leonardi neno juu ya mama yake, wakaangua kicheko, na mji ukapotea.

Nilihesabu. Watu sitini na tatu, kitabu kimoja, nacho ni chako. Ulipokifunga waliondoka wakirudia maneno yako, si yake. Nikawauliza wale mama wawili kama watanunua. Mmoja akasema, "Tukanunue cha nini, mwanangu? Jabiri si anatusomea bure? Tena bila Jabiri ni karatasi tu."

Bwana Leonardi alicheka kila ulipocheka. Nilikuwa nyuma yake. Kila alipocheka alikuwa akibandua gamu ya mbao iliyomgandia vidoleni, akabandua na ngozi, mpaka damu ikatoka. Huenda ninyi mnaelewana. Kwetu mtu akikutukana amekutukana.

Naomba jambo moja. Wasomee mpaka katikati, kisha ufunge, uwaambie anayetaka mwisho akanunue. Idi haiko mbali.

Kokushubila

*

Chang'ombe,
Mei 11, 1954

Bibi Mkunga,

Marahaba. Umekuja barazani kwetu bila hodi, umehesabu vichwa vya watu kama karani wa kodi, na sasa unanifundisha utani. Haya.

Tumeshaingia Ramadhani. Kati ya alasiri na magharibi mtu mwenye swaumu hana pa kwenda, kwa hiyo barazani wamefika mia. Kahawa hakuna, tumbo tupu, ulimi wangu ndio futari yao. Ustadhi mmoja kaniuliza kama matusi hayaharibu swaumu. Nikamjibu: "Utani si tusi, na kitabu cha Leonardi si chakula. Sote tuko salama."

Lile shauri lako la kusoma nusu nimelifikiria, nimelikataa. Jana nimewasomea mwisho wote. Nilipofika pale mlangoni, nikasimama juu ya benchi nikasema: "Jamani, mwenye mkasi anauliza kama aendelee. Sie tuseme nini?" Mmoja akapaza sauti, "Akate!" Nikaigeuza wimbo. Kata! Kata! Watu mia, wanapiga makofi. Leonardi naye aliitikia. Ilimbidi. Ungekuwepo ungecheka, hata wewe uliyenuna kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kununa.

Jabiri

*

Boko,
Mei 21, 1954

Bwana Jabiri,

Jana nilikuwa mjini kuchukua dawa, nikapita kwa Bwana Akberali. Nakala zilizouzwa mpaka sasa ni tisini na nane. Arobaini ni za Boko na vijiji vya jirani. Nimezibeba mwenyewe kwenye kapu la zahanati, nikienda kuzalisha. Chang'ombe nzima, pamoja na karakana zake, mabohari yake na watu wako mia, imenunua sita.

Binti yake, Shamshad, ndiye anayetunza miswada inayongoja karatasi. Nilimwuliza ni kitabu cha nani kitakachochapwa sehemu ya pili ikikosa. Akanionyesha. Upo mmoja tu. Kurasa mia mbili na kumi, kwa wino wa zambarau kama ule unaoniandikia. Safari ya Kumfuata Chausiku, umetungwa na Jabiri bin Nassibu. Uliupeleka mwezi wa Februari.

Mwezi wa Februari, Bwana. Mimi nilikuandikia Machi kukuomba msaada, nawe ukanijibu kwamba wanaocheka ndio wanaonunua.

Niambie nimekosea.

Kokushubila

*

Chang'ombe,
Mei 26, 1954

Kokushubila,

Shikamoo hukunipa, marahaba sikupi.

Hujakosea. Mswada ni wangu. Nina miaka arobaini na minane. Nimesoma vya Waarabu, nimesoma vya Waingereza, nimesoma hata vile ambavyo mabwana shauri wa serikali wanavinunua kupambia rafu. Kitabu hicho nimekiandika miaka kumi na saba, juu ya magunia, kwa wino wa kuazima. Leonardi ana miaka mitatu tangu aweke randa chini akashika kalamu. Na nani aliyemwambia dunia nzima kwamba anajua kuandika? Mie! Nilimshikia ngazi. Akapanda, akaivuta juu.

Na kitabu chake ni kizuri. Hilo ndilo linaloniunguza. Kingekuwa kibaya ningekisifu.

Unasema nimemwonea. Nionyeshe sheria niliyoivunja. Sikumsema nyuma ya mgongo wake, sikumwandikia Akberali neno, sikumkataza mtu kununua. Nimempiga mbele ya watu mia, kwa fimbo ambayo yeye mwenyewe analazimika kuishangilia. Mtu wa bara hawezi kuelewa utamu wake.

Jabiri bin Nassibu

*

Chang'ombe,
Juni 8, 1954

Kokushubila,

Hukujibu. Si kitu, nakuletea habari mwenyewe.

Idi imepita. Nakala mia moja na tisini na tatu zimekwenda kwa wauza karanga. Nakutumia ukurasa wa arobaini na moja, ambao jana ulifungiwa karanga zangu. Bado una chumvi. Mwandishi alitabiri.

Leonardi naye alinunua karanga pale pale. Akapewa ukurasa wake mwenyewe. Akausoma mpaka chini, akaukunja vizuri, akautia mfukoni, na karanga akazimwaga. Nikamwambia, "Mnyamwezi, hatimaye umepata msomaji!" Mzee Shomari alicheka mpaka akamwaga kahawa. Leonardi alicheka pia, lakini alichelewa kidogo.

Akberali kanirudishia mswada niusafishe. Unaingia mashineni mwezi wa saba.

Jabiri bin Nassibu,
Mwandishi

*

Chang'ombe,
Juni 30, 1954

Bibi Kokushubila,

Usichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Jumatatu ya wiki jana nilichukua mswada wangu mpaka barazani, watu wauone unene wake. Leonardi akaja na Wanyamwezi watano wa karakana, wanaimba. Akaweka mkono juu ya mswada akasema, "Mtani, hiki nimekipenda, nakichukua. Utakikomboa." Ndiyo ada; mtani hukuchukulia kitu, nawe hukikomboa kwa anachotaka. Mie mwenyewe nilimchukulia shati lake la Krismasi. Baraza nzima ikapiga kelele, "Akomboe! Akomboe!" Nilicheka. Ningefanya nini?

Akakaa nao siku tatu. Alhamisi akaurudisha. Nilidhani atataka jogoo. Hakutaka jogoo. Alisema, "Komboo langu ni wewe usome. Hapa, mwenyewe, kwa sauti. Mahali nitakapofungua." Akafungua.

Ulikuwa ukurasa wa mia na mbili. Kitabu ni cha baba anayeshuka kwenye mji wa waliokufa kumrudisha bintiye. Hapo ndipo anapomkuta, na mtoto hamwulizi kitu ila hiki: "Baba, umeniletea ndara zangu?"

Chausiku alikuwa mwanangu. Alikufa kwa surua kule Kisarawe, mwaka wa 1936, ana miaka sita. Ndara zake zilikaa mlangoni mwaka mzima, mama yake hakukubali ziondolewe. Chang'ombe hawajui. Nilihamia baadaye, peke yangu.

Nikasoma. Nilipofika kwenye ndara, mtu akapaza sauti nyuma: "Mwambie duka limefungwa!" Wakaanza. Mwingine: "Huko ahera watu huvaa viatu vya njumu, mtoto kachelewa!" Kisha makofi. Ndara! Ndara! Watu mia, Bibi, kwa mdundo ule ule niliowafundisha. Niliendelea kusoma, maana ningenyamaza ningekuwa nimenuna. Nikacheka. Nilisoma kurasa nne nikicheka. Leonardi peke yake hakucheka. Alikaa ananitazama.

Akberali alikuwepo. Alikuja na gari lake kuuona umaarufu wangu. Kesho yake kaniandikia kwamba kitabu kinachochekwa kabla ya kuchapwa hawezi kukitilia karatasi, isipokuwa nimpelekee majina arobaini ya watu watakaokinunua, kabla ya mwisho wa Julai. Hapa hakuna mtu anayeweza kusikia jina la kitabu asiitikie "ndara". Ndugu sina. Wewe una watu arobaini wanaokuamini.

Nakutumia mswada wenyewe. Hakuna nakala nyingine duniani. Usome, kisha uwaambie unavyoona.

Mie mkubwa kwako kwa miaka mingi. Lakini kama ndilo linalotakiwa, shikamoo.

Jabiri

*

Chang'ombe,
Julai 6, 1954

Kwa Bibi Kokushubila, Boko.

Tumsifu Yesu Kristo.

Jabiri ameniambia mswada wake uko kwako. Mimi ni Leonardi, seremala, yule mwenye vitabu. Nakuomba umtafutie majina.

Yeye anadhani nilifungua popote. Nilikaa na mswada siku tatu, nikausoma wote mara mbili. Nilipofika kwenye ndara nikajua mtoto yule ni wa kweli, maana kitu kama kile mtu hakibuni. Nikaweka unyoya wa kuku katikati ya kurasa hizo ili nisipakose. Nilijua watacheka. Walikuwa wamefundishwa. Nilitaka nimwone uso wake, na nikauona. Nimeungama kwa padre, lakini padre hana majina arobaini.

Kwa upande wangu yamekwisha. Mtani hana budi kusamehe. Asubuhi amepita karakana akanitukana kidogo, nikamjibu.

Nasikia unataka kujua yaliyompata Mwamvita. Sehemu ya pili nimeimaliza, iko chini ya godoro langu. Haitachapwa. Ukimsaidia Jabiri nitakuletea uisome, wewe peke yako.

Leonardi

*

Boko,
Julai 17, 1954

Kwenu Bwana Jabiri na Bwana Leonardi,

Nawaandikia barua moja. Mmoja amsomee mwenzake.

Bwana Jabiri, mswada nimeusoma kwa siku moja, kati ya mama wawili waliojifungua. Nilipofika kwenye ndara nilitoka nje, wauguzi wasinione. Ni mzuri kuliko Mji wa Chini ya Chumvi. Ni mzuri kuliko kitabu chochote nilichokisoma kwa Kiswahili. Nakwambia kwa sababu uliniomba niseme ninavyoona. Ungeniletea mwezi wa Machi, ningekutafutia majina mia, na sehemu ya pili ya Bwana Leonardi ningeiombea karatasi mahali pengine.

Jumapili niliwakusanya watu wangu kwenye kibaraza cha zahanati. Niliwaambia kuna kitabu kinatafuta wanunuzi. Wakaniuliza kama ni kizuri. Nikasema ni kizuri sana. Wakaniuliza jina langu liko la ngapi kwenye orodha. Nikasema halipo. Wakatazamana, wakaenda zao. Sikuwakataza. Bwana Jabiri anajua namna hiyo ya kutowakataza watu.

Yule mama asiyejua kusoma alibaki nyuma. Tangu Idi alikuwa akija kila Ijumaa kuuliza kama sehemu ya pili imefika, kwa kuwa mwanawe amejifunza kusoma na ameshafika mlangoni na Mwamvita. Siku hiyo nilimwambia haitakuja. Akauliza ni nani aliyekataa. Nikamwambia hakuna aliyekataa, watu walikuwa wanacheka tu.

Bwana Leonardi, usiniletee kilicho chini ya godoro lako. Nimekitamani miezi minne. Lakini wewe ulisoma habari za mtoto yule, ukajua ni wa kweli, kisha ukatafuta unyoya.

Najua mmekwisha sameheana. Mwezi ujao mtakuwa barazani, mmoja ananyang'anya sahani ya mwenzake, na Mzee Shomari anamwaga kahawa. Ada yenu inawataka hivyo, sina neno nayo.

Mswada unarudi kwa dereva wa basi, umefungwa kwa kamba mbili. Mimi si mtani wa mtu yeyote hapa. Mimi naruhusiwa kununa.

Kokushubila